Picha Inaganda, Bibi Hasikii: Jibu kwa Mama wa Muheza

SWALI: Habari za kazi, fundi. Binti yangu ni muuguzi mjini Leeds, Uingereza. Kila Jumapili tunapigiana simu ya video ya WhatsApp, mimi pamoja na mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 81 na masikio yake yamepungua nguvu. Tukipiga mchana tunakaa chini ya mchungwa uani. Mara nyingi ni usiku, saa mbili, tuko sebuleni. Picha inaganda, maneno yanakatika, na binti analalamika kwamba anasikia sauti yake mwenyewe ikimrudia. GB 1 ninayonunua inaisha kabla hatujamaliza habari. Simu yangu ni Android ya 4G, laini mbili, niliinunua mwaka 2021. Watu wananiambia ninunue mpya. Ni kweli? Halafu mguu wa bibi unavimba, mjukuu wake anataka kuuona, lakini anasema anaona giza tu. (Mama wa watoto watatu, Muheza)

JIBU: Mama, shikamoo. Bibi naye mfikishie shikamoo yangu.

Fedha ya simu mpya iache kwanza. Simu ya 4G ya mwaka 2021 inatosha kabisa kwa mazungumzo yenu ya Jumapili. Katika yote uliyoyataja sikuona hata moja ambalo simu mpya ingeliponya, kama mngeendelea kukaa palepale, kwa mwanga uleule, na spika ikiwa wazi vilevile. Mwangwi ungebaki, na giza la kwenye mguu lingebaki. Bando huenda lingeisha upesi zaidi, kwa sababu kamera nzuri inaweza kupeleka picha kubwa zaidi.

Kabla ya mengine yote, shika hili: kwenye simu ya video, sauti ndiyo mazungumzo. Picha ikiganda sekunde tano huku sauti inaendelea, hamjapoteza kitu; Bibi bado anapata habari za mjukuu wake. Lakini sauti ikikatika sekunde mbili tu, katikati ya "daktari kaniambia nisi…", wote mmepotea, na zinaanza zile "haloo, haloo, unanisikia?" zinazokula nusu ya muda wenu. Nimewasaidia watu wengi wenye watoto wao mbali, na karibu kila mara nakuta wanahangaika na picha wakati kinachowaumiza ni sauti. Kwa hiyo ushauri wangu wote nimeupanga kwa kuilinda sauti. Picha itapata kitakachobaki, na ukifuata haya kitabaki cha kutosha. (Kundi moja ninalitoa katika kanuni hii: viziwi wanaozungumza kwa lugha ya alama. Kwao picha ndiyo sauti. Wanahitaji picha isiyokwama kuliko picha kali, na nguo ya rangi moja inayotofautiana na rangi ya mikono.)

Nianze na mchungwa. Simu haipeleki picha nzima nzima mfululizo. Inapeleka picha moja kamili, kisha kwa muda inapeleka mabadiliko tu: nini kimesogea tangu picha iliyopita. Ukuta uliotulia haubadiliki, kwa hiyo haugharimu karibu chochote. Uso wa mtu anayezungumza hubadilika mdomo, macho na shingo. Hizo ni sehemu ndogo. Sasa weka nyuma ya Bibi mchungwa wenye majani yanayopepea, jua likipenya hapa na kufichama pale. Kila jani ni badiliko. Simu inajitahidi kuyapeleka majani yote hayo mpaka Leeds, na kwa kuwa njia yake ni nyembamba, uso wa Bibi unakosa nafasi na kuonekana kama umefunikwa ukungu. Bando lako linalipia majani.

Simu kushikwa mkononi nako ni vivyo hivyo. Mkono ukitikisika kidogo, kila kitu kwenye picha kimehama, na kazi inaanza upya. Ndiyo maana naomba jambo la kwanza mtakalobadilisha liwe hili: simu ikae yenyewe. Iegemeze kwenye kopo zito lililojaa mchele au sukari, au nunua ile stendi ndogo ya kushikilia simu inayouzwa kwa wauza kava. Iwe usawa wa macho, umbali wa mkono mmoja ulionyooshwa, na nyuma yenu uwe ukuta mtupu au pazia lisilopeperuka. Msiitumbukize kwenye glasi au kikombe kama watu wanavyofanya ili ipaze sauti. Nitakueleza kwa nini nikifika kwenye mwangwi.

Mwanga unafuata. Kamera ikikosa mwanga hufanya mambo mawili. Huchelewa kupiga kila picha ili ikusanye mwanga wa kutosha, kwa hiyo mtu akigeuza kichwa anaacha mkia nyuma yake. Pia huongeza nguvu ya picha, na hapo ndipo zinapotokea zile chembechembe zinazochezacheza gizani. Simu huzidhani chembechembe hizo ni kitu kinachosogea, nayo huzipeleka zote. Giza, Mama, linakula data kama majani yanavyokula. Kwa hiyo usiku msikae na taa nyuma ya migongo au juu ya utosi. Leteni taa mbele ya nyuso zenu, nyuma ya simu. Mchana kaeni mkiutazama mlango au dirisha, kamwe msiupe mgongo. Tangu Oktoba 2024 WhatsApp ina alama ya balbu pembeni ya kioo wakati wa simu ya video, inayong'arisha uso gizani. Inasaidia kidogo, ila taa yenyewe inasaidia zaidi. Kabla ya kupiga, pangusa pia kioo cha kamera kwa kitambaa laini, kwa sababu mafuta ya vidole yakikaa pale hugeuza taa kuwa moshi.

Sasa mtandao. Watu wengi huupima kwa kutazama video za YouTube: zikicheza vizuri, wanasema mtandao upo. Kipimo hicho hakifai kwa kazi hii. Video ya YouTube inashushwa tu, na simu huchota mbele akiba ya kutumia mtandao ukiyumba. Kwenye simu ya video huwezi kuweka akiba ya maneno ambayo mtu hajayasema. Isitoshe simu yako inapandisha pia, sauti na sura yenu kwenda kwa binti, na kupandisha ndiko kunakoshindwa kwanza, kwa sababu simu ina nguvu ndogo sana ukilinganisha na mnara. Ndiyo maana inaweza kutokea nyinyi mkamwona binti vizuri kabisa huku yeye anawaona mmeganda.

Dawa ya hili ni pa kukaa. Bati la paa huzuia mawimbi, ukuta mnene hupunguza, na chumba cha katikati kisicho na dirisha kina yote mawili. Usitegemee vile vijiti vya mtandao vilivyo juu ya kioo, kwa kuwa havisemi kitu kwa usahihi. Ingia kwenye Mipangilio, fungua sehemu inayoeleza habari za simu, kisha hali ya laini. Utaona nguvu ya mtandao imeandikwa kwa namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Namba ikiwa -90 au inakaribia zaidi sifuri, pazuri. Ikiwa -110 au chini zaidi, kama -115, hapo hamtazungumza kwa raha. Tembea nayo polepole: sebuleni, dirishani, mlangoni, barazani, ukisimama kama nusu dakika kila mahali ili namba itulie. Kutoka -110 hadi -100 si tofauti ndogo kama inavyoonekana. Ni nguvu mara kumi. Niliwahi kumhamisha mzee mmoja kutoka kwenye kochi lake hadi kwenye kiti kilichokuwa dirishani, hatua sita tu, na mwanawe upande wa pili akauliza kama baba kanunua simu mpya. Ukipata pahali penu, wekeni kiti cha Bibi hapo kila Jumapili.

Kuhusu saa, mbili usiku ni wakati mgumu. Watu wamerudi nyumbani, kila mmoja yuko kwenye simu yake, na mnara mmoja unagawana nguvu kwa wote. Jaribuni alasiri. Saa kumi jioni ya Muheza ni saa nane mchana kwa binti wakati wa majira ya joto, na saa saba mchana wakati wa baridi, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kama zamu zake za hospitali zinaruhusu, mtapata mnara uliopumua, na mwanga wa dirishani mtaupata bure.

Kuna mwizi mwingine ambaye watu hawamshuku: laini ya pili. Simu nyingi za laini mbili zina redio moja inayohudumia laini zote mbili kwa zamu. Mtu akikupigia simu ya kawaida kwenye laini isiyo na bando, data ya laini ile nyingine inaweza kusimama, na binti anaona mmeganda ghafla. Wakati wa mazungumzo ya Jumapili, zima laini ya pili kwenye Mipangilio ya laini; ukimaliza iwashe. Angalia pia picha zako: kama simu imewekwa kujihifadhia nakala za picha kwenye intaneti, au WhatsApp yenyewe kuhifadhi nakala ya mazungumzo, kazi hizo zinapandisha data kwenye njia ileile nyembamba. Ziwekee zifanyike kwa Wi-Fi tu. Usichaji simu huku mnazungumza, na usiiache juani. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue, na picha inaanza kukwama. Ikipata joto, toa kava.

Haya, mwangwi. Una kanuni moja ambayo karibu kila mtu anaigeuza: anayesikia sauti yake ikimrudia si mwenye kosa. Kosa liko upande wa pili. Kwa hiyo malalamiko ya binti yanahusu chumba chenu. Kwa ajili ya masikio ya Bibi mmepandisha spika hadi mwisho. Sauti ya binti inatoka kwenye spika, inagonga ukuta na meza, inaingia kwenye maiki ya simu ileile, na inasafiri kurudi Leeds. Simu ina programu ya kuifuta sauti hiyo, na kwa kawaida inafanya kazi vizuri, mradi spika isiwe inapasuka kwa kelele. Sauti ikishaharibika, programu haiitambui tena kuwa ni ileile iliyoingia, inaiachia. Glasi na kikombe ndivyo vinavyoharibu zaidi, kwa sababu vinaizungushia maiki sauti ya spika. Teremsha spika alama mbili au tatu kutoka mwisho, na weka simu juu ya kanga iliyokunjwa, si juu ya mbao tupu.

Ila dawa yenyewe ni hedifoni za waya. Zikishachomekwa, sauti ya binti inakwenda masikioni haipiti hewani, na mwangwi unakoma palepale. Namaanisha za waya hasa. Za Bluetooth huongeza ucheleweshaji, na nyingi zikishatumia maiki yake hushusha ubora wa sauti. Tena chaji inaisha katikati ya maneno. Kwa kuwa mko wawili, kuna kigawanyio kidogo cha waya kinachochukua hedifoni mbili kwenye tundu moja, mtasikiliza pamoja. Jaribuni kwanza na mtu wa jirani ili mjue maiki inayosikika ni ya waya au ya simu.

Bibi akivaa hedifoni, anzeni na sauti ya chini mpandishe taratibu, ili asishtuke wala kuumizwa. Na hapa nataka binti asome mwenyewe. Masikio ya uzeeni kwa kawaida hayapotezi sauti zote sawasawa. Yanaanza kupoteza zile nyembamba za juu. Vokali Bibi anazipata, lakini s, sh, f na ch zinamponyoka. Kwake "fika" na "shika" yanaweza kuwa neno moja. Ukipiga kelele unazikuza vokali, ambazo hazikuwa na shida, na konsonanti zinazidi kufunikwa. Kinachomsaidia ni mjukuu kuzungumza polepole, kwa sauti ya kawaida, neno baada ya neno, uso wake ukiwa mkubwa kwenye kioo na mwanga ukiwa kwenye midomo yake. Wazee wengi husoma midomo bila wao wenyewe kujua. Hapo picha inapata kazi yake ya kweli, na ndiyo sababu sisemi mzime kamera moja kwa moja.

Bibi yangu mzaa mama, kule Lushoto, miezi mingi ya mwanzo alikuwa anaiweka simu ya video sikioni. Sisi tuliona sikio na hereni yake, yeye hakuona chochote. Tulimwambia mara nyingi, akaiondoa sikioni, na baada ya dakika moja ikarudi palepale, kwa sababu mkono wake ulikuwa umeizoea simu ya miaka yote. Kilichomaliza jambo ni kumtolea simu mkononi: ikasimamishwa mezani, hedifoni masikioni, mikono yake ikabaki na shanga zake. Siku hiyo alizungumza nasi saa nzima. Kama Bibi wa Muheza naye ana mazoea hayo, msimwelekeze sana. Ipeni simu pa kukaa.

Jambo jingine la kumwambia binti: asubiri. Kutoka Muheza hadi Leeds ni zaidi ya kilomita 7,000 hata kama ungevuta kamba iliyonyooka. Mwanga unaobeba intaneti ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na nyaya zenyewe hazinyooki. Zinapita baharini, zinazunguka, zinapokezana kwenye mitambo. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unashauri sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja ili mazungumzo yawe ya kawaida, na unaweka 400 kuwa ukomo. Mnapokuwa na mtandao dhaifu mnaukaribia huo ukomo. Matokeo yake, mtu anamaliza sentensi, anaona kimya, anadhani hakusikika, anaanza tena, na jibu linamkuta katikati. Wote wawili wanakatizana. Mkubaliane: ukimaliza kusema, vuta pumzi moja kabla ya kuongeza neno. Na mtu mmoja azungumze kwa wakati mmoja, hata kama mmekusanyika watu sita barazani.

Tulikotoka palikuwa pagumu zaidi. Kabla ya mwaka 2009, wakati nyaya za intaneti za baharini za SEACOM zilipotia nanga Dar es Salaam na nyaya za TEAMS zikafika Mombasa, intaneti yetu kwa sehemu kubwa ilipanda kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu, na kupanda na kushuka tu kulichukua kama robo sekunde. Bado nyaya hizo hukatika. Mei 2024 zilikatika za SEACOM na EASSy kwa pamoja, na mtandao ukayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Siku kama hiyo ikija tena, usiifungue simu kuitengeneza wala kubadilisha laini. Tuma ujumbe wa sauti na usubiri.

Tuje kwenye bando, kwa hesabu. Chukua picha ya wastani inayotumia kilobiti 500 kwa sekunde. Biti nane ndiyo baiti moja, kwa hiyo kwa dakika ni karibu MB 3.75 kwenda, na nyingine kama hizo kurudi. Jumla MB 7.5. Saa nzima ni MB 450. Picha ikiwa kali mara mbili, MB 900, na hiyo ndiyo GB 1 yako imekwisha. Sauti peke yake, kwa kilobiti 30 kwa sekunde kila upande, ni kama MB 27 kwa saa. Umeona tofauti? Bando linalowapa saa moja au mbili za picha linaweza kuwapa zaidi ya saa 30 za sauti. Usizichukue namba hizi kama za kwako, pima mwenyewe: kwenye Mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya hifadhi na data, kuna ukurasa wa matumizi ya mtandao unaoonyesha simu zimepeleka na kupokea MB ngapi. Isome kabla ya kupiga na baada ya kukata, utoe. Katika sehemu hiyohiyo kuna kitufe cha kutumia data kidogo wakati wa simu. Kiwashe, na binti akiwashe upande wake.

Halafu ujue kwamba huhitaji kukata simu ili kuondoa picha. Gusa alama ya kamera, yako inazima na ya binti inabaki. Mtandao ukianza kuyumba, fanya hivyo mara moja bila kungoja: kupandisha kwenu kunabaki kwa sauti tu, na Bibi anaendelea kumtazama mjukuu wake. Mimi ningewashauri dakika kumi za mwanzo iwe picha pande zote, msalimiane na kutazamana vizuri. Zinapoanza habari ndefu za ada na shamba, mzime kamera yenu. Na mwishoni muiwashe tena kuagana.

Kuhusu mguu, ninalisema hili kwa uzito. Mnatumia kamera ya mbele, ambayo kwa kawaida ni dhaifu, na nadhani mguu mnauweka juu ya shuka jeupe. Kamera hupima mwanga wa eneo lote; ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga wa picha nzima, na ngozi yetu nyeusi inageuka giza. Geuza kwenda kamera ya nyuma kwa kugusa ile alama ya mishale inayozunguka. Tandika kitambaa cha rangi ya katikati isiyong'aa, kijivu au kahawia. Kaeni karibu na dirisha mchana, mwanga utoke ubavuni ili uvimbe uonekane umbo lake. Weka miguu yote miwili pamoja, ili muuguzi alinganishe. Shikilia simu kama hatua moja, tulia mpaka picha itulie, kisha sogea polepole hadi kiasi cha shibiri mbili. Usiingie karibu zaidi, itapoteza ukali. Huenda atakuomba ubonyeze kwa kidole gumba juu ya mfupa kwa sekunde chache na kuachia, aone kama shimo linabaki. Hapo usisogeze simu hata kidogo.

Kuna kitu kinachoshinda kamera yoyote: futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifundo cha mguu, mahali palepale, saa ileile, kila Jumapili, uandike kwenye daftari. Sentimita ulizoziandika haziyumbi na mtandao. Na kwa dawa, usimwonyeshe boksi kwenye video. Maandishi madogo hufutika. Piga picha ya kawaida, uitume ukiwa umechagua HD pale juu kabla ya kutuma, asome jina na miligramu kwa utulivu.

Lakini mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, au Bibi akikosa pumzi, au kifua kikibana, msipige simu Leeds kwanza. Nendeni hospitali, mtampigia binti mkiwa huko.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu nimeona akina mama wakilia dukani. Tangu mwaka 2023 WhatsApp ina uwezo wa kumwonyesha mtu kioo chako chote wakati wa simu ya video. Ni kitu kizuri: binti anaweza kukuelekeza wapi pa kubonyeza huku anaona unachokiona. Matapeli nao wanaupenda. Anakupigia mtu anayejiita wa huduma kwa wateja, anakuomba uwashe kushiriki skrini, halafu anasoma namba ya uthibitisho inayoingia kwenye ujumbe wako. Shiriki kioo na binti yako tu, tena wewe ndiye uliyeomba msaada. Na hata kwake, ukifungua pesa za kwenye simu, zima kushiriki kwanza.

Kama kuna jambo litakalonifanya niseme nunua simu, ni maiki iliyokufa au betri iliyovimba. Maiki ijaribu leo: jirekodi kwa programu ya kurekodi sauti, kaa umbali wa mkono, ujisikilize. Ukisikika safi, maiki ni nzima. Ukisikika kama uko ndani ya mtungi, toa kava uangalie kama tundu lake linaziba kitundu kidogo cha chini ya simu, na safisha hapo kwa mswaki mkavu laini. Usichokonoe kwa sindano.

Fanyeni haya Jumapili mbili mfululizo. Sauti ikiwa bado inakatika, niandikie tena unitajie namba mbili: ile ya nguvu ya mtandao mahali mlipoweka kiti cha Bibi, na MB zilizotumika kwa dakika mlizozungumza. Kwa namba hizo nitakuambia kama tuitazame laini, mnara au simu yenyewe.